Wanawake Wanne wa Hesabu na Chuo cha Göttingen

Miongoni mwa elimu zote alizojaliwa mwanadamu kuzitafuta, hesabu ndiyo isiyomwuliza msemaji nasaba yake, wala umri wake, wala mali yake, wala kama ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa kauli ndani yake haisimami kwa cheo cha aliyeitoa, husimama kwa burhani iliyoandamana nayo. Burhani ikiwa sahihi, hata sultani hawezi kuibatilisha, na ikiwa na kasoro, hata wanazuoni wa dunia nzima wakikutana hawawezi kuiponya. Maadamu hali ni hiyo, mtu mwenye insafu angetazamia kwamba milango ya elimu hii ndiyo ingetangulia kufunguliwa kwa wanawake, kabla ya milango ya sheria, ya tiba na ya dola. Haikuwa hivyo. Kwa karne nyingi, huko Ulaya ambako hesabu za zama hizi zilipata umbo lake, mwanamke aliyetaka kujifunza zaidi ya kujumlisha na kutoa alikuta vyuo vimefungwa na mabaraza ya wanazuoni yamefungwa, ilhali burhani yake haikupata kuwekwa mezani ikapimwa.

Nakusudia kusimulia habari za wanawake wanne ambao maisha yao, kwa njia moja au nyingine, yalikutana na mji mmoja mdogo wa Ujerumani uitwao Göttingen, ambao chuo kikuu chake kilifunguliwa rasmi mwaka 1737, na katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini kikawa mojawapo ya makao makuu ya hesabu duniani. Wako wengine wengi wanaostahili kutajwa, akiwamo Hypatia wa Iskanderia, aliyefundisha hesabu na falsafa na kuuawa na kundi la watu wenye ghadhabu mwaka 415, na Maria Gaetana Agnesi wa Milan, aliyechapisha mwaka 1748 kitabu kikubwa cha kufundishia hesabu za juu. Lakini hawa wanne wanafaa kutazamwa pamoja, kwa sababu mtu akiwafuata mmoja baada ya mwingine ataona dhahiri kwamba kila mara wanaume wa hesabu walipokubali kuipima kazi kwa kipimo cha hesabu yenyewe, elimu ilipata faida ambayo haijakoma mpaka leo, na kila mara walipoipima kwa kipimo cha ada na desturi, elimu ilikula hasara.

Binti wa Paris

Sophie Germain alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili 1776, binti wa mfanyabiashara wa hariri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789 alikuwa na umri wa miaka 13, na kwa kuwa mitaa ya mji ilijaa ghasia, alishinda ndani katika maktaba ya baba yake, akasoma humo habari za kufa kwa Archimedes, mwanazuoni wa Kiyunani ambaye yasemekana aliuawa na askari wa Kirumi kwa kuwa alikuwa amezama katika mchoro wa jometri hata asimjibu alipomwita. Binti akastaajabu ni elimu gani hiyo iwezayo kumsahaulisha mtu hatari ya roho yake, akaazimia kuijua. Wazazi wake hawakuridhia, kwani waliona kwamba masomo ya namna hiyo hayamfai msichana. Wakamnyang'anya mishumaa, moto wa chumbani na nguo za joto, ili baridi ya usiku imlazimishe kulala. Yeye alingoja wapate usingizi, akajifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha, akaendelea. Na asubuhi moja wakamkuta amelala mezani, kando ya kibao kilichojaa hesabu, na wino umeganda ndani ya kidau chake. Hapo wakasalimu amri.

Mwaka 1794 serikali ya Ufaransa ilianzisha chuo cha École Polytechnique, ambacho wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Germain alijipatia maandiko ya masomo, akayasoma nyumbani, kisha akampelekea Lagrange, mmoja wa walimu wakubwa wa chuo kile, kazi yake mwenyewe kwa jina la mwanafunzi mwanamume, LeBlanc. Lagrange alipotaka kuonana na kijana huyo hodari, siri ikafichuka, naye akamsifu na kumtia moyo. Lakini Germain alikwisha kujifunza kwamba jina la kiume hufungua milango, na mwaka 1804, baada ya kukisoma kitabu cha Mjerumani Carl Friedrich Gauss juu ya nadharia ya namba, kilichotoka mwaka 1801 na ambacho wachache sana waliweza kukifuata, alimwandikia mtungaji wake kwa jina lilelile la LeBlanc, na Gauss akamjibu kwa taadhima.

Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliingia Braunschweig, mji aliokaa Gauss. Germain, akiikumbuka ajali ya Archimedes, alimwomba jenerali mmoja aliyekuwa rafiki wa jamaa zake amhifadhi mwanazuoni yule. Na afisa aliyetumwa alipomweleza Gauss kwamba anayemshughulikia ni Sophie Germain wa Paris, Gauss alijibu kuwa hamjui mtu wa jina hilo. Ikambidi bibi yule ajitambulishe. Jibu la Gauss la tarehe 30 Aprili 1807 ni miongoni mwa barua tukufu katika tarehe ya elimu, kwani alieleza kwamba mwanamke, ambaye kwa ada na dhana za watu hukutana na vizuizi vingi kuliko mwanamume katika njia ya elimu hii, akivishinda na kufikia yaliyofichika kabisa, bila shaka amejaliwa ujasiri wa hali ya juu na kipaji kisicho na kifani. Mwaka huohuo Gauss alihamia Göttingen, akadumu huko mpaka kufa kwake.

Kazi ya Germain inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa haihitaji zaidi ya karatasi, kalamu na subira. Kila mwanafunzi ajua kwamba mraba wa 3 ukijumlishwa na mraba wa 4 hutoa mraba wa 5, maana 9 na 16 ni 25. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Kifaransa wa karne ya kumi na saba, alidai kwamba jambo hili haliwezekani kwa vipeo vikubwa kuliko 2: hakuna namba kamili mbili ambazo vipeo vyake vya tatu, au vya nne, au vya tano, na kuendelea, vikijumlishwa vitaleta kipeo kama hicho cha namba kamili nyingine. Wanazuoni waliomfuata walishughulikia kipeo kimoja kimoja kwa taabu kubwa. Germain alitafuta njia moja ya kuvikabili vingi kwa pamoja.

Chukua kipeo cha 5. Mara mbili yake ukiongeza moja ni 11, nayo ni namba tasa pia. Sasa chukua namba kamili yoyote isiyogawanyika kwa 11, itafutie kipeo chake cha tano, kisha uigawanye kwa 11 utazame kinachobaki. Kwa 2, kipeo cha tano ni 32. Ondoa 22, baki ni 10. Kwa 3 ni 243. Ondoa 242, ambayo ni 11 mara 22, baki ni 1. Kwa 4 ni 1,024, na baki ni 1. Kwa 6 ni 7,776, na baki ni 10. Jaribu nyingine utakazo, utakuta kwamba baki haipati kuwa kitu kingine ila 1 au 10. Basi jumlisha mbili za namna hiyo: 1 na 1 ni 2, 1 na 10 ni 11, yaani hakuna baki, 10 na 10 ni 20, na ukiondoa 11 hubaki 9. Hakuna hata jumla moja inayoacha 1 au 10. Kwa hiyo, lau namba tatu za kumpinga Fermat zingekuwako kwa kipeo cha tano, ingelazimu walau moja yao igawanyike kwa 11; na kutoka hapo, kwa hoja ya ziada, Germain alithibitisha kwamba ingelazimu pia moja yao igawanyike kwa 5 yenyewe. Kwa kuitandaza njia hii, akitumia namba nyingine za kusaidia pale 2 mara kipeo kuongeza moja ilipokosa kuwa tasa, sehemu nzima ya mushkili ule, ile ya namba tatu ambazo hakuna hata moja igawanyikayo kwa kipeo chenyewe, ilifungwa kwa vipeo vyote tasa vilivyo chini ya 100, ukiacha 2. Mwanahesabu wa Kifaransa Legendre alipoichapisha, alimtaja Germain katika tanbihi ya chini ya ukurasa. Fumbo lote la Fermat halikufumbuliwa mpaka burhani ya Andrew Wiles ilipochapishwa mwaka 1995, lakini namba tasa kama 5 na 11, ambazo mara mbili yake ukiongeza moja huleta tasa nyingine, zingali zikiitwa duniani kote kwa jina la Sophie Germain.

Mwaka 1816, katika jaribio lake la tatu, alishinda tuzo ya baraza la sayansi la Paris kwa kazi yake juu ya mitikisiko ya mabamba yanayonepa. Hakupata kufundisha katika chuo chochote. Alikufa kwa saratani ya titi mwaka 1831, na cheti cha kifo kikamwandika kuwa mtu aliyeishi kwa mapato ya mali yake, bila kugusa habari ya hesabu.

Hesabu ya pia

Sofia Kovalevskaya alizaliwa Moscow mwaka 1850, binti wa jenerali wa mizinga. Nyumba yao ya shamba ilipokuwa ikipambwa upya, karatasi za ukutani hazikutosheleza chumba cha watoto, kwa hiyo ukuta ukabandikwa kurasa za masomo ya hesabu za juu ambazo baba yake alizihifadhi tangu ujana wake. Naye mtoto alisimama mbele ya ukuta ule saa nyingi akijaribu kupambanua alama asizozielewa, hata baadhi yake zikamkaa moyoni kabla ya maana yake kumfikia.

Katika Urusi ya wakati ule vyuo vikuu havikuwa na nafasi kwa wanawake, na mwanamke hakuweza kusafiri nje pasipo ruhusa ya baba au mume. Mwaka 1868 aliolewa na Vladimir Kovalevsky kwa ndoa waliyoifunga ili apate pasipoti, na mwaka uliofuata akaanza kusoma Heidelberg. Mwaka 1870 alikwenda Berlin kumtafuta Karl Weierstrass, bingwa wa hesabu wa zama zile. Chuo cha Berlin kilimkatalia hata kuketi darasani. Weierstrass akampa maswali magumu ya kumpima. Na alipoyaona majibu, akakubali kumfundisha nyumbani, akafanya hivyo kwa muda wa miaka minne.

Mwaka 1874 Kovalevskaya alikuwa na tasnifu tatu tayari, ambazo kila moja, kwa maoni ya mwalimu wake, ilitosha kumpatia udaktari. Göttingen ndiyo iliyoipokea kazi hiyo, ikampa shahada kwa sifa ya juu, bila yeye kuhudhuria wala kufanya mtihani wa mdomo. Tasnifu ya kwanza ilihusu milinganyo inayoeleza mambo yanayobadilika kwa wakati na kwa mahali pamoja, kama joto linavyoenea katika chuma au mawimbi yanavyosafiri majini. Alionyesha ni masharti gani yakitimia mlinganyo wa namna hiyo huwa na jibu, na jibu hilo huwa moja tu. Kanuni hiyo hufundishwa katika vyuo vikuu mpaka leo, ikiitwa kwa jina lake pamoja na la Mfaransa Cauchy aliyemtangulia.

Alirudi Urusi na shahada yake, akakuta kwamba kazi pekee aliyoruhusiwa ni kufundisha hesabu za mwanzo kwa wasichana wadogo. Miaka kadhaa ikapotea mbali na utafiti. Ndipo Gösta Mittag-Leffler, mwanafunzi mwingine wa Weierstrass, akamwalika Stockholm, ambako alianza kufundisha, akapata uprofesa wa muda mwaka 1884 na wa kudumu mwaka 1889, cheo ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa amekishika kabla yake katika Ulaya ya Kaskazini.

Kazi iliyomtangaza zaidi ilihusu pia. Kila aliyewahi kucheza pia ajua kwamba inapozunguka kwa kasi husimama wima, kisha ikichoka huanza kuyumba, na kuyumba kwake huonekana kama hakuna mpango. Wanahesabu walitaka kuandika kwa ukamilifu mwendo wa kitu kizito kinachozunguka juu ya nukta moja isiyohama, na kwa takriban miaka mia walikuwa na majibu mawili tu: la Euler, kwa kitu kilichoshikiliwa palepale penye kitovu cha uzito wake, na la Lagrange, kwa pia ya kawaida iliyo sawa pande zote na kushikiliwa juu ya mhimili wake. Kovalevskaya aligundua la tatu, la kitu ambacho uzito wake umeegemea ubavuni na ambacho ugumu wa kuzungushwa katika pande zake tatu uko katika uwiano wa 2, 2 na 1. Baadaye ilithibitika kwamba zaidi ya hayo matatu hakuna jingine la jinsi hiyo.

Mwaka 1888 aliiingiza kazi hiyo katika mashindano ya baraza la sayansi la Paris, ambayo yaliendeshwa kwa utaratibu wa kuficha majina: kila tasnifu iliandikwa kauli ya alama, na jina la mwandishi likafungiwa ndani ya bahasha. Waamuzi waliona kwamba kazi moja imezipita nyingine kwa umbali mkubwa hata wakaiongeza tuzo kutoka faranga 3,000 hadi 5,000, na bahasha ilipofunguliwa, mshindi alikuwa Sofia Kovalevskaya. Alifariki Stockholm mwaka 1891 kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 41.

Mlango unafunguliwa

Göttingen ilikuwa imempa Kovalevskaya shahada bila kumpa kiti darasani. Hatua ya pili ilikuja mwaka 1893, wakati Felix Klein, aliyekuwa mkuu wa hesabu chuoni, alipowapatia wanawake watatu wa kigeni idhini ya kusoma humo, ikabidi idhini hiyo itolewe na wizara yenyewe Berlin. Mmoja wao alikuwa Mwingereza Grace Chisholm, aliyekwisha kufaulu mitihani ya Cambridge kwa daraja la juu, lakini Cambridge haikuwapa wanawake shahada, wala haikuwapa mpaka mwaka 1948. Mwaka 1895 alihojiwa na maprofesa kwa Kijerumani kama watahiniwa wengine wote, akapata udaktari kwa njia iliyo wazi.

Mwaka uliofuata aliolewa na William Henry Young, mwanahesabu mwenziwe, na kwa pamoja wakaandika zaidi ya makala 200, ambazo nyingi zilitoka kwa jina la mume peke yake. Mume alikiri katika barua kwa mkewe kwamba haki ilikuwa kazi hizo zibebe majina yao wote wawili, ila kwa hali ya wakati ule yeye ndiye aliyehitaji sifa ili apate kazi ya kuwalisha. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa majarida ya zama zile hawezi kuitenga fikira ya mke na ya mume, na hiyo ni hasara isiyolipika, kwa sababu hata wanaotaka kuirudisha haki hawajui waikate wapi.

Emmy Noether

Wa nne ndiye aliyewapita wote kwa upana wa athari. Emmy Noether alizaliwa Erlangen mwaka 1882, binti wa profesa wa hesabu. Alikuwa na cheti cha kufundisha Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana, akakiweka kando, akaomba kusikiliza masomo ya hesabu chuoni, ambako kati ya wanafunzi 986 wanawake walikuwa wawili tu, nao walihitaji ruhusa ya kila mwalimu. Sheria ilipobadilika mwaka 1904 akasajiliwa, akapata udaktari mwaka 1907, kisha akafanya kazi katika chuo hicho zaidi ya miaka saba bila mshahara.

Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Einstein alikuwa akiikamilisha nadharia yake mpya ya mvutano, na ndani yake kanuni ya kuhifadhika kwa nishati ilionekana kuleta utata ambao mabingwa hao wawili hawakuweza kuutatua. Walipopendekeza apewe idhini ya kufundisha, baadhi ya maprofesa wa fani nyingine walipinga, wakauliza askari watakaporudi kutoka vitani watajisikiaje wakikuta wanafundishwa na mwanamke. Hilbert anasimuliwa kuwa aliwajibu kwamba haoni jinsi kuwa mwanamke kunavyoweza kuwa hoja dhidi ya mtahiniwa, kwani pale ni chuo kikuu wala si hamamu. Hawakukubali. Kwa miaka minne masomo ya Noether yalitangazwa kwa jina la Hilbert, na aliyesimama mbele ya ubao ni Noether.

Katika hali hiyohiyo, mwaka 1918, aliitoa kanuni ambayo wanafizikia wengi huiona miongoni mwa nguzo za elimu yao, nayo ilibidi isomwe na Klein mbele ya baraza la wanazuoni wa Göttingen, maana mwenyewe hakuwa mwanachama. Maana yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Jaribio likifanywa leo, na likarudiwa kesho kwa masharti yaleyale, hutoa jibu lilelile, kwa sababu sheria za maumbile hazibadiliki kwa kupita siku. Noether alithibitisha kwamba kutobadilika huko, peke yake, ndiko kunakolazimisha nishati isizidi wala isipungue. Kadhalika, kwa kuwa sheria hizo ni zilezile Mombasa na Muscat, ule wingi wa mwendo ambao wanafizikia huuita momenta hauna budi kuhifadhika. Na kwa kuwa hazipendelei upande wa mashariki wala wa kaskazini, momenta ya mzunguko nayo huhifadhika, na ndiyo sababu mtu anayezunguka akikunja mikono yake huzunguka upesi zaidi. Kabla yake kanuni hizi zilijulikana moja moja, kila moja kama jambo la kupokewa tu. Baada yake ikafahamika kwamba nyuma ya kila ulinganifu endelevu wa namna hiyo pana kitu kinachohifadhika. Watafiti wa chembe ndogo kabisa za maada huanzia hapo mpaka leo.

Hayo kwake yalikuwa kazi ya kando. Moyo wake ulikuwa katika aljebra. Wengi waliomtangulia waliichukulia aljebra kuwa ufundi wa kutafuta majibu ya milinganyo. Yeye aliuliza ni sheria zipi zinazoifanya jamii ya vitu, viwe namba au visiwe namba, vijumlishike na kuzidishika, na ni yapi yanayofuata kutoka kwa sheria hizo pekee. Makala yake ya mwaka 1921 yaliweka msingi, na kijana wa Kiholanzi B. L. van der Waerden, aliyehudhuria masomo yake na ya Emil Artin, akayaeneza mafundisho hayo kwa kitabu chake cha miaka 1930 na 1931, kilichobadilisha namna ya kufundisha aljebra ulimwenguni. Noether alikuwa karimu mno kwa fikira zake. Aliwagawia wanafunzi, wakaziendeleza na kuzichapisha, naye akafurahi. Idhini ya kufundisha kwa jina lake aliipata mwaka 1919, cheo kisicho na mshahara mwaka 1922, kisha posho ndogo. Mwaka 1932, katika mkutano mkuu wa wanahesabu wa dunia uliofanyika Zürich, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoa mhadhara mbele ya wajumbe wote.

Mwaka mmoja baadaye utawala wa Hitler uliwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali, na Noether, aliyekuwa Myahudi, akaondolewa. Aliendelea kwa muda kuwafundisha wanafunzi nyumbani kwake, kisha akaenda Marekani katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania, ambako kwa mara ya kwanza alipata heshima na riziki inayomstahili. Hakukaa sana. Tarehe 14 Aprili 1935 alifariki, siku chache baada ya kupasuliwa uvimbe, umri wake miaka 53. Einstein aliliandikia gazeti la New York Times kwamba, kwa hukumu ya wanahesabu hodari walio hai, Noether ndiye aliyekuwa na kipaji kikubwa kuliko wote cha kubuni hesabu tangu wanawake walipoanza kupewa elimu ya juu. Nayo Göttingen, iliyompoteza yeye pamoja na Richard Courant, Max Born na Hermann Weyl katika mwaka uleule, haikurudia tena hadhi yake ya zamani. Kwani chuo kilichowahi kupima watu kwa burhani kilikuwa kimelazimishwa kuwapima kwa nasaba.

Deni letu

Baada ya hao njia imepanuka, ingawa taratibu. Medali ya Fields, iliyo heshima kubwa ya hesabu, ilianza kutolewa mwaka 1936, na mwanamke wa kwanza kuipata alikuwa Maryam Mirzakhani, aliyesomea shule ya wasichana Tehran, mwaka 2014. Wa pili ni Maryna Viazovska wa Ukraine, mwaka 2022. Kwetu Afrika Mashariki, Verdiana Masanja alikuwa Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hesabu, shahada aliyoipata mwaka 1986 katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, mji uleule ambao chuo chake kingine kilimkatalia Kovalevskaya kuketi darasani miaka mia na zaidi kabla yake. Alitafiti mwendo wa viowevu, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda, na akaandika pia juu ya wanawake katika sayansi.

Mtu aweza kusema kwamba wenye vipawa kama hawa hupenya hata wakizuiwa. Hoja hiyo haina uzito, kwa sababu wote wanne walikuwa na kitu ambacho wengi hawana: maktaba ya baba, mali ya kumfikisha mtu ughaibuni, au mwanazuoni mmoja mwenye insafu aliyekubali kuisoma kazi yao. Waliokosa hivyo hatuwajui, na hatutawajua kamwe. Tunachoweza kukijua ni wale walio mbele yetu sasa. Ile hesabu ya 5 na 11 iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu na aiweke ubaoni, awaambie wanafunzi ni nani aliyeifikiria na katika hali gani, na msichana atakayenyosha mkono aitwe mbele aieleze njia yake mpaka mwisho, asahihishwe palipo na kosa, asifiwe palipo na ukweli, na asiulizwe hesabu hizo zitamfaa nini atakapoolewa. Na mzazi ambaye binti yake ameomba saa moja ya ziada ya taa na daftari, hali ndugu zake wa kiume wameipata bila kuomba, ampe.